Mnapenda wanyama, sawa, na mwenye ng'ombe je?

Wajukuu zangu mliomaliza fomu foo mkitaka udaktari wa mifugo, na nyinyi ambao mko Upper Kabete tayari, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya kusomea hiyo kazi,

Nimekasirika na sitaficha. Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Uthiru, mama mjane wa ng'ombe mmoja, alinipigia simu alfajiri ati ng'ombe amezaa jana na leo hasimami. Mimi nimestaafu udaktari wa mifugo, magoti hayataki, lakini nikavaa gambuti nikaenda. Nikapata kijana wa mwaka wa nne ameitwa kabla yangu, raba nyeupe, simu mkononi, amesimama huko mlangoni mwa zizi na ashamwambia mama atafute mtu wa bucha mapema. Ng'ombe hajamgusa. Hata kuuliza amezaa mara ngapi hajauliza.

Na ng'ombe mwenyewe alikuwa anaongea wazi: amelalia kifua, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi, pua kavu, uzao wa nne na maziwa mengi. Hiyo ni homa ya maziwa, ambayo inaitwa homa na mwili unapoa, kwa sababu kalsiamu ya damu imekimbilia kiwele. Nikapasha chupa ya kalsiamu kwa maji moto, nikaitia kwa mshipa wa shingo polepole huku nasikiliza moyo, maana ukiharakisha moyo unasimama na wewe ndio umeua. Akaanza kutetemeka, akabeua, akanya, na chai niliyowekewa haijapoa akawa amesimama. Mama akalia. Kijana naye akaniambia, "Guka, kusema ukweli mimi nilitaka medisini, hii kozi nilipata tu."

Ulipata tu! Kwani fomu ya KUCCPS, ile ya kuchagua kozi za chuo, ilijijaza?

Wengine wenu mnaniambia mnapenda wanyama, mna video za vitoto vya mbwa kwa simu. Hata mimi napenda. Lakini hakuna mnyama anakuja kliniki peke yake. Yule ng'ombe wa Uthiru ni karo ya watoto wawili, na siku nyingine dawa inashinda bei ya mnyama na ni wewe utamwangalia mama machoni umwambie. Huko Karen kwa matajiri utaletewa mbwa mzee na familia nzima, umdunge ile sindano ya mwisho na baba mtu akilia kama mtoto, na usiangalie saa. Halafu kuna mambo ya maziwa. Ukidunga ng'ombe antibayotiki maziwa yanamwagwa siku zile zimeandikwa kwa chupa ya dawa, maana dawa inabaki ndani ya maziwa, na mwenye ng'ombe atakuuliza, daktari, watoto watakula nini? Wengi wananyamaza hapo. Mimi mwenyewe kuna wakati nilinyamaza, mteja alikuwa rafiki, na mpaka leo nikiletewa chai hotelini huwa naifikiria ile siku. Kama huwezi kuongea na watu usikuje huku, nenda usomee kitu kingine, hakuna aibu.

Hayo mengine nayataja tu. Masomo ni miaka mitano na kemia haikuhurumii. Bila kusajiliwa na KVB, bodi ya madaktari wa mifugo Kenya, wewe si daktari, ata ukiwa na digrii imening'inia sebuleni. Dungwa chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hujashika mbwa wa watu, dalili zikishaanza hakuna hospitali itakuokoa. Brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, inashika madaktari pia. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko kwa kaunti na kazi si nyingi, so ujue unaweza anza kwa kuuza dawa agroveti. Na nyinyi wasichana mtaambiwa hamna nguvu za ng'ombe, wajibuni kwamba hakuna mwanaume ana nguvu za ng'ombe, ndio maana kuna kamba.

Na sisi wazee tusijifanye watakatifu. Fundi wa simu tunamlipa bila maneno, daktari wa mifugo tunamwambia chukua ya mafuta tu, tutaonana mwisho wa mwezi. Tunaita kwanza yule jamaa wa mtaa anadunga kila ugonjwa na chupa moja, mnyama akianza kukata roho ndio tunakumbuka daktari, halafu tunasema daktari ameua. Garissa mwisho wa 2006, mbuzi na kondoo wakitupa mimba kundi kwa kundi, wafugaji ndio walituonyesha mambo si mazuri, na ilikuwa homa ya Bonde la Ufa na watu walikufa. Wale hawakuwa na digrii lakini walikuwa wameangalia wanyama wao.

Kama bado unataka, usijaze fomu leo. Enda kichinjio cha Dagoretti asubuhi mapema, omba ruhusa, simama kando ya mkaguzi wa nyama umwone akipasua maini yenye minyoo. Ukitoka hapo na bado una hamu ya chai, kuja Uthiru tuongee. Gambuti za ziada ninazo, lakini ni saizi tisa.