CD safi, gemu maiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi si mwandishi, ni mwenye kibanda cha gemu hapa Ngamiani, Tanga, tangu 2006. Nilianza na televisheni mbili za kichogo, PlayStation 2 mbili zilizotiwa chipu, na benchi la mbao alilonichongea baba mkwe. Mechi moja ilikuwa shilingi 200, aliyefungwa anampisha mwenzake. Siku hizi nina PS4 tatu, lakini PS2 moja bado ipo kwenye kona, imefunikwa kitambaa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, alirudi kijana mmoja kutoka Muscat. Hapa mtaani tulimwita Kipa. Aliondoka 2011 kwenda kuendesha magari huko, na kabla ya hapo hakukuwa na jioni asiyokuwepo kwenye benchi langu. Akaingia, tukaamkiana, tukaulizana habari za wazee, kisha nikamwona anatupa jicho kwenye kona. "Kaka, kadi yangu ipo?"

Memori kadi za wateja nazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta. Ya Kipa wino ulikuwa umefifia, imebaki K na p. Nikaipuliza vumbi, nikaichomeka. Kadi yenyewe ni ya megabaiti 8, picha mbili tatu za simu ya leo zinaijaza. Winning Eleven 9, gemu ya mpira, ikafunguka, tukaingia Master League, ligi ya kujijengea timu yako, na timu yake ikawa imekaa palepale alipoiacha: Castolo mbele, Ivarov golini, pointi nne nyuma ya kinara. Kipa akanyamaza kidogo. Halafu akachukua pedi, akapigwa 2-0 na kompyuta, maana vidole vyake sasa vimezoea usukani.

Kwa asiyejua, hao kina Castolo na Ivarov hawajawahi kuwepo duniani. Ni majina yaliyobuniwa na Konami, kampuni iliyotengeneza gemu hiyo, kwa ajili ya timu ya kuanzia, na waliocheza zamani huwakumbuka kuliko wachezaji wa kweli. Liverpool nayo ndani ya gemu hiyo iliitwa Merseyside Red, kwa kuwa leseni ya jina haikuwepo. Sisi hatukujali. Tulijua nani ni nani.

Mwaka huohuo nilikwenda Dar kununua pedi, nikamletea mwanangu aliyeko kidato cha tatu zawadi ya CD ya PS4, gemu ya mbio za magari. Mtumba, lakini kasha zima, CD haina hata mkwaruzo. Nililipa shilingi 25,000. Jina la gemu na la duka nayaacha, muuzaji mwenyewe nadhani hakujua. Usiku tukaichomeka. Ikajipakia karibu nusu saa, ikadai masasisho, nikanunua bando, ikala bando lote, nikaongeza jingine. Mwisho wa safari ikaja skrini nyeusi na mstari mmoja wa Kiingereza: imeshindwa kuwasiliana na seva, yaani kompyuta ya kampuni, jaribu tena baadaye. Tukajaribu baadaye. Tukajaribu alfajiri, tukidhani mtandao utakuwa mwepesi. Ndipo kijana akaingia kwenye simu yake akasoma, akaniambia, "Baba, seva walishazifunga kabla hujanunua."

Miaka yote hii nauza mechi, sikuwahi kufikiri kwamba CD inaweza kuwa nzima na gemu ikawa imekufa. Nikaanza kusoma.

CD ya PS2 ilibeba kila kitu: uwanja, wachezaji, sauti ya mtangazaji, sheria za mchezo. Ukiwa na mashine na umeme, basi. Gemu kadhaa za sasa CD yake ni kama barua ya utambulisho tu. Ukiiwasha inapiga hodi kwanza kwenye kompyuta ya kampuni, huko iliko, na kompyuta hiyo ndiyo inayotunza ulikofikia, ndiyo inayokukubalia uingie. Nyingine zinapiga hodi hata kama unacheza peke yako chumbani bila kumhitaji mtu. Siku kampuni ikizima kompyuta ile, hodi haiitikiwi.

Kesi iliyowasha moto duniani ni ya The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Kifaransa Ubisoft, iliyotoka Desemba 2014. Ndani yake unaendesha gari kuvuka Marekani nzima iliyofinyangwa ikawa ndogo, pwani hadi pwani. Desemba 2023 wakaacha kuiuza, na mwisho wa Machi 2024 seva zikazimwa. Sababu waliyoitoa ni miundombinu ya seva na leseni. Aliyekuwa na CD akabaki na kioo cha kujitazamia, na waliokuwa nayo kwenye akaunti wengine wakakuta hata leseni yao imeondolewa. Wachezaji wawili wakaipeleka kampuni mahakamani California, na utetezi wake ukawa kwamba mnunuzi hakupewa umiliki wa gemu, alipewa ruhusa tu ya kuitumia.

Hapo nilicheka peke yangu, mke wangu akauliza kuna nini. Fikiria umemuuzia mtu ng'ombe, amelipa, amemfunga nyumbani kwake, anakamua. Baada ya miaka tisa unakwenda na panga kumchinja zizini kwake, unamwambia soma vizuri karatasi, nilikuuzia maziwa.

Nisiwachanganye wote kwenye kapu moja. FIFA 23, gemu ya mpira, na ndugu zake waliotangulia ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni Septemba 2023, baada ya EA, kampuni inayozitengeneza, kuachana na FIFA wenye jina. Kununua upya kupitia mtandao huwezi. Lakini CD yangu ya FIFA 19 inacheza mpaka usiku huu ninapoandika, watoto wanafungana, wanatukanana, wanalipa. Hiyo sina ugomvi nayo. Sony nao 2024 walitoa gemu iitwayo Concord, wakaifunga baada ya wiki mbili, lakini pesa za watu walirudisha. Ninacholalamikia ni kuuza kitu, kula pesa, kisha kukiua kikiwa mikononi mwa mwenyewe.

Kuna jambo ambalo sijaona wazungu wakilisema, kwa kuwa haliwagusi, na ndilo hasa lililonifanya niandike kwenye gazeti la Kiswahili. Sisi hununua vitu baada ya wao kumaliza navyo. Friji langu ni mtumba, televisheni mtumba, pasi mtumba, PS4 zote tatu mtumba, na shati nililovaa mnalijua lilikotoka. Maisha yetu yamejengwa juu ya imani kwamba kitu cha mtu wa kwanza kikimchosha, kwa mtu wa tatu bado kinafanya kazi. Gemu yenye kutegemea seva inavunja imani hiyo. Kule Ulaya mtu ameicheza miaka mitano, ameshiba, ameiuza. Inafika Kariakoo na bei yake, na kasha lake linang'aa, nasi tunanunua maiti.

Wenye magari ya Japani watanielewa upesi. Unatoa gari bandarini, unawasha redio, kioo kinakuletea maandishi ya Kijapani kikidai kadi ya ramani. Gari zima, injini inanguruma, redio imegoma. Angalau pale yupo fundi atakayeifungua kwa malipo. Seva iliyozimwa Ulaya fundi wa Ngamiani ataifungua kwa bisibisi gani?

Nimeona wenzetu hawakukaa kimya. Ross Scott, Mmarekani mwenye chaneli yake YouTube, alianzisha 2024 kampeni inayoitwa Stop Killing Games, inayodai gemu iliyouzwa iachwe ikichezeka hata kampuni ikifunga seva. Wakakusanya saini kwenye mpango rasmi wa wananchi wa Umoja wa Ulaya, ambao hudai angalau saini milioni moja, na zilizohakikiwa zikawa karibu 1,300,000. Uingereza nako ombi lilipita saini 100,000, likajadiliwa bungeni Novemba 2025, ingawa serikali ilishasema haina mpango wa kubadili sheria. California imechukua njia fupi: tangu Januari 2025 duka la mtandaoni haliruhusiwi kuandika "nunua" kwenye kitu cha kidijitali kama halikumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Hata hiyo ingenisaidia. Ningejua, nisingetoa 25,000.

Wenye kampuni nao wana hoja zao, nimezisoma. Chama chao cha Ulaya kinasema gemu nyingi zimejengwa tangu msingi kuwa za mtandaoni, kwamba kuwalazimisha kutaongeza gharama za kuzitengeneza, na kwamba seva zikiachwa mikononi mwa watu binafsi hakutakuwa na wa kulinda data za wachezaji wala kuzuia uchafu. Kuhusu gharama siwezi kubishana, sijawahi kutengeneza gemu. Lakini wanajibu swali ambalo halikuulizwa. Hakuna anayewataka waendeshe seva milele. Mimi mwenyewe nikichoka nitafunga kibanda, na hakuna atakayenishtaki. Ila siku hiyo sitapita majumbani kwa wateja kuvunja memori kadi zao.

Na kwamba inawezekana, inawezekana. Mwaka 2023 watengenezaji wa Knockout City, gemu ya kurushiana mipira, walipofunga seva zao walitoa bure toleo la kompyuta ambalo mtu anaweza kuendesha seva yake mwenyewe. City of Heroes, gemu ya mtandaoni ya mashujaa, ilifungwa 2012, mashabiki wakaifufua kwa siri, na Januari 2024 kampuni yenye mali ikawapa leseni waendelee kwa halali. Hata hao Ubisoft, baada ya kelele za The Crew, waliahidi njia ya kucheza bila mtandao kwa gemu iliyofuata, The Crew 2, na 2025 ikatoka. Ile ya kwanza imefufuliwa na mashabiki wenyewe kwa seva waliyoitengeneza upya. Sasa kama watu wasiolipwa wameweza, wakiwa nje, bila michoro ya ndani, mwenye michoro anashindwa nini?

Hapa niungame, maana wapo watakaoandika kunisuta. CD zangu za PS2 karibu zote zilikuwa za kuchoma. Ile chipu niliyoitaja mwanzo ndiyo kazi yake. Tulinunua kwa shilingi elfu moja, jalada limepigwa fotokopi, na wala hatukujiuliza. Sijivuni. Lakini Winning Eleven aliyoikuta Kipa ni moja ya hizo, na nimeichoma upya mara tatu kila ilipochakaa. CD halali niliyonunua kwa pesa kamili ndiyo iliyokufa, ya wizi ndiyo iliyo hai. Shirika moja la Marekani la kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, lilitoa utafiti 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Maktaba zao ziliomba ziruhusiwe kuwakopesha watafiti gemu hizo kwa njia ya mtandao, na Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ikakataa. Mtu akitaka kuiona lazima afunge safari. Basi vitu hivi vinatunzwa na nani? Na watu wa makopo ya maziwa ya unga.

Ombi langu ni dogo, na nalielekeza kwa Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kasha la gemu isiyocheza bila seva ya kampuni liuzwe na maandishi makubwa yanayosema hivyo, kwa Kiswahili, na kama tarehe ya kufungwa inajulikana iandikwe, kama tunavyoandikiwa kwenye pakiti ya maziwa. Wenzangu wenye maduka, kabla hujauza CD ya mtumba, ichomeke uone kama inafunguka. Itakula nusu saa na bando moja mbili, vumilia. Na wazazi, mtoto akiomba gemu muulizeni kwanza kama inacheza bila mtandao. Atawaona washamba, mvumilieni.

Kipa amesharudi Muscat. Kadi yake hakuichukua, alisema ikae hapahapa, akija tena anataka ubingwa. Ile CD ya shilingi 25,000 mke wangu ameifunga uzi akaitundika shambani juu ya mchicha, inazunguka kwenye upepo na kung'aa, na ndege kweli wamepungua.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye kibanda cha gemu,
Ngamiani, Tanga