Risala ya Kikundi cha Walioacha Unga kwa Baba Askofu, Mgeni Rasmi

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi,
Mchungaji wetu na wazee wa kanisa,
Wazazi, ndugu na jamaa mliofika,

Bwana Yesu asifiwe!

Baba, shikamoo. Tunakushukuru kwa kukubali kuja kukaa nasi. Wengi wetu tumezoea kuona watu wakihamia upande wa pili wa barabara tunapotokea. Leo umetushika mkono mmoja mmoja pale mlangoni, na mwenzetu mmoja ameshindwa kujizuia, akaenda nyuma ya kanisa kulia. Kwa hiyo utuvumilie kama sauti itakatika.

Sisi ni watu tuliokuwa tukitumia unga, yaani heroini. Tunakutana kila Jumamosi jioni katika chumba cha shule ya Jumapili. Tulianza 4, leo tuko 21. Wanawake ni 5 tu, na tunajua wako wengi zaidi huko nje, ila aibu ya mwanamke mtumiaji ni nzito kuliko yetu na humfanya ajifiche hata anapoumwa. Katika kundi hili wapo waliopata virusi vya UKIMWI kwa kuchangia sindano, na wapo waliougua kifua kikuu. Wanatumia dawa zao na wanaendelea vizuri.

Wengi wetu tunakunywa dozi ya methadoni. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafika Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Ni dawa ya maji, unainywa mbele ya muuguzi, siku zote za wiki. Inakaa mahali pale pale ubongoni ilipokuwa ikikaa heroini, ndiyo maana arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, haiji. Baba, asiyeijua arosto hawezi kutuelewa. Mifupa inauma kama inasagwa, unahara, unatapika, machozi na kamasi havikatiki, unatetemeka kwa baridi katika joto hili la Dar es Salaam, na usingizi hauji. Mtu aliye katika hali hiyo hamwoni mama wala mtoto. Mimi ninayesoma risala hii niliwahi kumwaga mboga iliyokuwa jikoni ili nikauze sufuria. Mama yangu ndiye yule aliyekaa benchi la tatu.

Katika mikutano yetu hakuna sura tunayoirudia kama Marko 5, ya yule mtu aliyekaa makaburini. Alikuwa akipiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Watu wa mji wake walikuwa na dawa moja tu kwake: pingu na minyororo. Nasi tumefungwa, tumepigwa, wengine tumenusurika kuchomwa moto na watu wenye hasira. Yesu yeye aliuliza jina. Sisi mtaani tulikuwa na jina moja, mateja, kwa hiyo swali lile linatugusa sana. Halafu kuna jambo dogo ambalo mwenzetu mmoja alituonyesha, na tangu siku hiyo halitutoki. Luka anasema mtu yule alikuwa havai nguo siku nyingi. Watu walipokuja kutazama walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Nguo hizo alizitoa wapi? Biblia haisemi. Sisi tunaamini mmoja wa wale waliofuatana na Yesu alivua vazi lake akampa.

Baba Askofu, uponyaji wetu umekuja kwa njia hiyo, na lipo la kusikitisha tunalopaswa kulisema. Mwenzetu mmoja aliambiwa kwenye maombi, mahali pengine, kwamba kama ana imani ya kweli aache dozi siku ile ile. Aliacha. Arosto ikarudi, na baada ya siku chache akarudi kwenye unga. Mwili uliokaa muda bila heroini hauwezi tena kiasi ulichozoea zamani, na hapo ndipo wengi hufa. Yeye Mungu alimwokoa, wahudumu wa afya walimwahi. Hatumlaumu aliyeomba, alitaka mema. Lakini tunaomba ifundishwe madhabahuni habari ya mfalme Hezekia. Aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilitoka mbinguni na dawa ikawekwa na mikono ya watu, na Hezekia akapona. Anayepanga foleni ya dozi alfajiri naye anaomba, tena anaomba kwa bidii.

Mahitaji ya mkono yapo, hatutayaficha. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku inatushinda, na dozi hairuki siku. Tunao mafundi wawili wa kuchomelea wasio na mashine. Tukipata moja, wao watawafundisha wengine.

Lakini ombi letu kubwa ni jingine. Yule mtu wa makaburini alipopona alitaka kuondoka na Yesu. Yesu hakumruhusu, akamwambia aende nyumbani kwake, kwa watu wa kwao. Kwetu hapo ndipo pagumu kuliko arosto. Kwetu tumeiba, tumetukana, tumewaaibisha wazazi mbele ya majirani. Mlango tuliofungiwa tulijifungia wenyewe, na anayekataa kutufungulia ana sababu zake. Mtu akitaka kuposa haendi peke yake, hutafutiwa mshenga, mtu mzima anayeheshimika, akabishe hodi kwa niaba yake. Tunaomba kanisa liwe mshenga wetu. Mzee mmoja wa kanisa na mama mmoja wafuatane na kila mwenzetu anayetaka kwenda kwao kuomba radhi, wakae naye akisikia atakayoambiwa, na wakikataliwa wapange siku nyingine ya kurudi.

Baba, yule mwenzetu aliyekwenda kulia nyuma ya kanisa hajafika kwao miaka 6. Nyumba yao ni mtaa wa pili kutoka hapa. Amesema yuko tayari leo, baada ya chakula, akipata wa kufuatana naye.

Tunaomba kuwasilisha.