Picha za zamani zitoke chini ya magodoro

Mhariri,

Nashona nguo Kaloleni, hatua chache kutoka Makumbusho ya Azimio la Arusha. Juzi mjukuu kaniuliza, “Bibi, mle ndani kuna nini?” Niliona aibu; miaka mingi napita tu. Tukaingia. Ndimo viongozi wa TANU, chama tawala cha wakati ule, walimokutana Januari 1967 kuandaa Azimio, lile tamko la Ujamaa na Kujitegemea.

Kadi ya TANU ya marehemu baba ninayo kwenye kopo la biskuti, kona moja imeliwa na mende. Nitawapelekea, wakiipokea. Nanyi wenye picha za enzi hizo, mnangoja nini? Harusi tunachangishana mamilioni (hata mimi nimo kamati mbili), kiingilio cha makumbusho ndiyo kitushinde?

Bibi Mshonaji,
Kaloleni, Arusha