Roboti huvuna nywele, anayeamua bado ni daktari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu matangazo ya upandikizaji wa nywele ambayo siku hizi humwahidi mwenye kipara kwamba atafanyiwa upasuaji na roboti, na kwamba roboti hiyo inamshinda daktari yeyote. Kwa miaka kadhaa nimekuwa msaidizi katika chumba cha upasuaji wa aina hiyo, kazi yangu ikiwa ni kukaa mbele ya hadubini na kupanga vishina vya nywele, yaani nywele pamoja na mizizi yake, vilivyotolewa kisogoni mwa mgonjwa, na vilivyovunwa kwa mashine na vilivyovunwa kwa mkono vyote vimepita chini ya lenzi yangu. Sina ugomvi na mashine. Kinachonikera ni kuona inashindanishwa na mtu katika kazi ambazo haizifanyi.

Upandikizaji si kazi moja. Daktari huanza kwa kuamua kama mgonjwa anafaa kupandikizwa, kisha huchora mstari wa mbele wa nywele na kuchagua sehemu ya kisogo itakayovunwa. Baada ya ganzi vishina hukatwa kimoja kimoja, huchambuliwa, matundu hutobolewa kwenye kipara, ndipo vikapandwa. ARTAS, roboti inayojulikana kuliko zote katika fani hii, ilipoidhinishwa mwaka 2011 na mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, kibali chake kilihusu kuvuna tu, tena kwa wanaume wenye nywele za singa nyeusi au za kahawia. Ruhusa ya kupanda ilikuja baadaye, mwaka 2018. Msomaji wa tangazo haambiwi hayo, naye hudhani atalala na kuamka mashine ikiwa imemaliza kila kitu.

Katika kuvuna, hata hivyo, roboti inastahili sifa zake. Kamera husoma mwelekeo wa kila unywele, sindano ya ndani yenye makali hupasua ngozi, na ya nje iliyo butu hushuka ikizunguka ili kukitenga kishina na nyama inayokishika. Kishina cha 1,500 hukatwa kwa utulivu uleule wa kile cha kwanza. Binadamu hana utulivu huo: nimeshuhudia sahani ya asubuhi ikija na vishina vizima vilivyonona, halafu baada ya saa tano za daktari kuinama, vikaanza kuja vilivyochunika na vingine vimekatika mzizi. Anayesema mkono wa daktari hauchoki hajawahi kukaa kwenye kiti changu.

Mambo hubadilika tunapofika kwenye nywele za kipilipili. Kishina cha nywele hizo hakishuki wima, hujipinda ndani ya ngozi kama ndoano, hivyo unywele unaouona juu unaweza kuwa umeelekea upande mmoja ilhali mzizi wake uko upande mwingine. Kamera huona unywele, mzizi haiuoni. Kisu kilichonyooka kikifuata unywele tu, hukata kishina katikati, na kilichokatwa hivyo mara nyingi hakioti tena. Daktari mmoja niliyefanya naye kazi hakukubali kuendelea mpaka nimweleze vishina kumi vya mwanzo vimetokaje. Siku moja nilimjibu kwamba vinne vimekatika. Aliweka kifaa chini, akaja mwenyewe kuchungulia kwenye hadubini, akachukua kisu kipana kidogo zaidi, akapunguza kina na kubadilisha pembe. Katika kumi vilivyofuata kilikatika kimoja. Ni kweli kwamba mashine nayo hurekebishwa kina na pembe, lakini anayejua irekebishwe vipi, na anayehisi vidoleni kwamba nyama imeachia, ni mtu.

Kwa nini nikazanie vishina vichache? Kwa sababu akiba ya kisogo haiongezeki. Tangu Norman Orentreich alipochapisha matokeo yake mwaka 1959, madaktari wanajua kwamba unywele wa kisogoni ukihamishiwa kwenye kipara huendelea na tabia ya kule ulikotoka, na ndiyo maana haupukutiki kama zile ulizozikuta hapo. Pale ulipotolewa, hata hivyo, hauoti mwingine. Programu inaweza kupima nafasi kati ya shimo na shimo ili kisogo kisionekane kimeliwa na nondo, na huifanya kazi hiyo vizuri. Lakini akija kijana wa miaka 25 ambaye panja zake ndiyo kwanza zinarudi nyuma, akitaka mstari wa mbele ushushwe kama wa mtoto, ni lazima awepo mtu wa kumweleza kwamba kipara chake bado kinasafiri, na kwamba akitumia akiba yote leo, akifika miaka 45 atabaki na kisiwa cha nywele mbele na uwanja mtupu nyuma yake. Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa ngozi ya kichwa unaoacha makovu, au mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Sijaona bado mashine iliyomwambia mgonjwa arudi nyumbani na pesa zake.

Nikiri pia jambo ambalo wenzangu hawapendi lisemwe. Tunapouliza kama roboti inamfikia daktari stadi, tunasahau kwamba si kila anayevaa glavu ni stadi, wala si kila mara ni daktari. Zipo kliniki ambako daktari huchora mstari, akapigwa picha na mgonjwa, akaondoka, na kazi yote ikabaki kwa wasaidizi waliojifunza kwa kutazama. Mbele ya mikono ya namna hiyo, mgonjwa mwenye nywele za singa akiniuliza nitamwambia achague roboti bila kusita, mradi anayeisimamia awe daktari anayeijua.

Kwa hiyo tangazo linapotaja roboti, naomba waandishi wako wawaulize wenye kliniki ni nani anayekaa kando yake, amewahi kuvuna nywele za aina ya mgonjwa huyo mara ngapi, na vishina vikianza kukatika nani ana mamlaka ya kuisimamisha. Mgonjwa naye ana haki ya kuomba aonyeshwe sahani ya vishina vyake kabla havijapandwa. Katika miaka yangu yote walioomba hawafiki watano, na daktari niliyemtaja aliwasogezea hadubini mwenyewe.

Wako,
Msaidizi wa chumba cha upasuaji
(Jina na anwani vimehifadhiwa)