Kwa nini tunaulizia karo la jirani kabla ya kuchimba kisima

Wateja wetu wa Paje, Jambiani na Makunduchi hutushangaa. Tumeitwa kuchimba kisima, nasi kitu cha kwanza tunaulizia karo, yaani shimo la choo, la jirani. Si umbea. Jiwe lenyewe ndilo linalotutuma.

Upande huu wa Unguja nyumba zimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile lile linalochomwa kupata chokaa. Jiwe hili na ukali havipatani: saga kipande, kamulia ndimu, utaona povu. Mvua nayo ina ukali wake mdogo. Ikishuka hubeba hewa ya ukaa ya angani, na ikipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza hubeba nyingine nyingi zaidi. Maji hayo yakiingia kwenye ufa hulilamba jiwe kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, mpaka ufa unakuwa mfereji na mfereji unakuwa pango, kama lile la Kuza pale Jambiani. Ardhi ya namna hii wataalamu huiita kasti, kwa jina la uwanda wa mawe wa Kras, mpakani mwa Slovenia na Italia.

Sasa karo. Penye mchanga, maji machafu hupita taratibu na kuchujwa njiani. Kwenye jiwe lenye matundu hupita kama kwenye bomba, na hilo bomba huwezi kuliona ukiwa juu. Hatua 30 upande mmoja zaweza kuwa salama, upande wa pili zikawa balaa. Na maji yakionekana meupe ndooni, usiyaamini kwa hilo tu.

Kuna wanaotuambia, “Chimbeni zaidi, nitalipa.” Huko chini kuna bahari. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, na kwa hesabu ya vitabuni kila mita 1 yaliyopanda juu ya usawa wa bahari hushikilia kama mita 40 chini yake. Penye mashimo mengi chumvi huchanganyika mapema kuliko hapo. Kwa hiyo tunasimama mapema na kufunga pampu ndogo, hata mteja akinuna.

Kabla hujatupigia, muulize jirani karo lake liko wapi na lina kina gani. Na kama shambani kwako kuna shimo ambalo maji ya mvua hutokomea, tuoneshe. Wengi hulifanya jaa, na uchafu huo hushuka na maji hayo hayo.