Printa Yako ya Zamani Bado Nzima Baada ya Kuhamia Windows 11

Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wenye saiba na ofisi ndogo hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Barabara ya Oginga Odinga, wamekuwa wakituletea dukani printa wanazodhani zimekufa. Kabla ya kuipakia yako kwenye bodaboda, chomoa kebo ya USB, iwashe peke yake, kisha utoe ukurasa wa majaribio kwa vitufe vyake yenyewe. Ukurasa ukitoka safi, mashine ni nzima, na mara nyingi kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa.

Windows 11 hutolewa kwa biti 64 pekee, kwa hiyo draiva ya biti 32 iliyokuwa ikikufaa kwenye kompyuta yako ya awali haitakubali. Hapo ndipo aina ya printa inapohesabika. HP LaserJet P2055, kwa mfano, inaielewa lugha ya PCL, ambayo kompyuta huitumia kuielezea printa ukurasa, na kwa kawaida draiva ya jumla ya kampuni hiyo huirudisha kazini bila taabu. LaserJet 1020, ambayo sisi wenyewe tunaipenda kwa uvumilivu wake, ni mtihani zaidi: huitegemea kompyuta iipangie ukurasa mzima, na hata kuipa programu yake ya ndani kila inapowashwa, hivyo bila draiva yake mahususi itakuwashia taa tu.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni kuweka draiva mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani. Ifute kwanza printa kwenye mipangilio, uiondoe na draiva yenyewe, uwashe kompyuta upya, na kebo uichomeke pale tu unapoambiwa. Draiva ipakuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Zile za tovuti zisizojulikana zimewahi kutuletea kompyuta zilizojaa virusi. Ikiwa unatumia toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 au jipya zaidi, hakikisha pia kwamba hali ya uchapishaji uliolindwa haijawashwa, kwa maana huziondoa draiva za watengenezaji na kuziacha nje printa nyingi za zamani.

Ukiamua kuja dukani, tafadhali njoo na kompyuta, printa na kebo yake, kwani tukiletewa printa peke yake hatuwezi kuona kasoro iko upande gani.