Kwa Nini Globu za LED za Bei Rahisi Hazidumu Ndani ya Gari la Kambi

Mteja wetu mmoja anayekodisha magari ya kambi kwa watalii wanaojiendesha wenyewe alirudi hapa karakana, Arusha, akiwa na vitu viwili mkononi: risiti yetu ya gari la kwanza, ambalo tulimbadilishia taa zote za ndani kuwa LED, na bahasha yenye globu sita za gari la pili, alizonunua mwenyewe dukani na kumpa kijana wake azifunge. Zetu tulimtoza shilingi 15,000 kila moja pamoja na ufundi. Zake alizipata kwa 3,000. Zake nne zilikuwa zimekufa baada ya safari moja, lakini lililomuuma zaidi lilikuwa ile risiti. "Fundi," aliuliza, "kazi ya kuchomoa globu na kuchomeka nyingine ndiyo mnaitoza hivi?"

Swali hilo tunaulizwa kila msimu wa safari unapokaribia, na kwa kuwa yeye si wa kwanza kudhani ameibiwa, tumeona tulijibu kwa maandishi.

Wateja wengi huamini kwamba gari la volti 12 lina volti 12. Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7, injini ikiwaka, altaneta huipandisha hadi 14 na ushee, na gari lenye paneli ya sola juu ya paa, kama yalivyo mengi yanayokwenda Serengeti, hufika 14.4 saa sita mchana likiwa limeegeshwa tu chini ya jua. Globu ya zamani, iwe ya waya au ya halojeni, hulivumilia jambo hilo kwa kung'aa zaidi na kupunguza umri wake kidogo kidogo. LED haina uvumilivu huo. Ndani ya globu ya bei rahisi, LED hupangwa tatu tatu kwa mfuatano, kila moja ikitumia takribani volti 3.2, yaani 9.6 kwa zote tatu, na volti zinazobaki huachiwa rezista moja ndogo, yaani kipande kinachobana mkondo wa umeme. Kwenye volti 12 kamili rezista hiyo hubeba 2.4, na kila kitu huwa shwari. Kwenye 14.4 hubeba 4.8, na hiyo ni mara mbili, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye LED nao hukaribia kuwa mara mbili. Globu itang'aa vizuri sana dukani, itang'aa vizuri zaidi siku ya kwanza barabarani, kisha itaanza kufifia, itapepesa, na mwishoni itazimika mteja wako akiwa anapika chakula cha jioni.

Globu tunazofunga sisi zina kidhibiti mkondo ndani yake na zimeandikwa volti 10 hadi 30. Maandishi hayo peke yake hatuyaamini, kwa sababu tumeshanunua boksi zima lililoandikwa hivyo tukakuta ndani hakuna kidhibiti chochote. Kila globu hupita kwanza kwenye mashine yetu ya umeme ya mezani, ambapo tunapandisha volti taratibu kutoka 10 hadi 15 huku tukisoma ampia, yaani kiasi cha mkondo unaopita. Yenye kidhibiti cha kweli, volti zikipanda, ampia hushuka. Yenye rezista tu, vyote viwili hupanda pamoja, na hiyo hairudi kwenye rafu yetu. Muda huo, pamoja na globu tunazozikataa kwa hasara yetu wenyewe, ndio uliomo ndani ya zile 15,000.

Njia ya mkato inayotuletea magari mengi zaidi kuliko globu mbovu ni ule ukanda wa LED wenye gundi nyuma, unaouzwa kwa roli la mita tano. Ukanda wa kawaida wenye LED kubwa 60 kwa mita hula wati 14.4 kila mita, hivyo roli zima ni wati 72. Tulipokea gari moja ambalo mwenyewe alikuwa ameng'oa globu sita za halojeni za wati 10, jumla wati 60, akabandika ukanda huo kuzunguka dari yote, kisha akashangaa kwa nini betri inakufa mapema kuliko zamani ilhali ameweka taa za kubana umeme. Mita yetu ilisoma ampia tano na nusu, wakati halojeni zake zilikuwa zikila tano. Kibaya zaidi, waya wa ukanda ulikuwa umeungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, ukapitishwa nyuma ya mbao na kufunikwa na godoro. Kazi ya kuutoa, kuusafisha na kurudisha nyaya mahali pake ilimgharimu zaidi ya mara tatu ya bei tuliyokuwa tumempa mwanzoni, na hakuifurahia hata kidogo.

Halafu kuna redio. Dereva mmoja wa safari alilalamika kwamba redio yake ya kuitana inakoroma kila wageni wanapowasha taa za nyuma, kiasi kwamba hawasikii wenzake. Tulichomoa globu moja baada ya nyingine hadi mkoromo ukanyamaza kwenye ya tatu. Kidhibiti cha bei ndogo kisicho na kichujio hutoa kelele za umeme zinazoingia kwenye antena, na hakuna kuitengeneza, ni kuitupa.

Mengine ni madogo lakini huharibu kazi vilevile. Baadhi ya globu za pini mbili zina chanya na hasi, kwa hiyo isipowaka igeuze kwanza kabla ya kusema ni mbovu. Lori la kambi la volti 24 halitaki globu ya 12 hata kwa dakika moja. Barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, kwa mawimbi yake, hulegeza pini zote zisizobana, na ndiyo maana tunabana soketi hata pale ambapo mteja hakutuomba. Kuhusu rangi, chagua mwanga wa njano. Ule mweupe wa kibuluu huita wadudu zaidi, na watakuja wote kwenye sahani yako.

Ni haki pia tuseme pale ambapo fedha yako ni bora ibaki mfukoni. Globu sita za LED za wati mbili hula ampia moja badala ya tano, na kwa saa nne za usiku utaokoa ampia-saa 16, ambazo ni nyingi kwa betri ya asidi ya 100 isiyopaswa kushuka chini ya nusu. Lakini kama betri yenyewe imechoka, au friji linawaka usiku kucha, taa hazitakuokoa, na taa ya kabati inayowashwa dakika mbili kwa siku iache kama ilivyo.

Yule mteja tulimketisha mbele ya mashine ya mezani na globu zake mbili zilizobaki hai. Tulipofika 14.4 aliona mwenyewe namba ya ampia ilivyokuwa inakimbia, akanyamaza, kisha akatuachia funguo za gari la pili. Punguzo aliomba na hakupata. Globu moja ya akiba tulimpa bure, kama tunavyompa kila anayefunga taa zote kwetu.